Mbao Mbichi za Fundi Gonga

Jina lake la kuzaliwa liko kwenye kitambulisho, na kitambulisho kiko kabatini chini ya mashuka, kwa hiyo hata mkewe huwa analisahau. Mtaani anaitwa Gonga. Alilipata jina hilo akiwa bado anajifunza useremala, kwa sababu hakuna ubao aliowahi kuununua bila kuugonga kwanza. Aliuinua upande mmoja, akaugonga kwa kifundo cha kidole cha kati mara tatu: kichwani, katikati, mkiani. Kisha aliinamisha kichwa kama mtu anayenong'onezwa. Ubao mkavu hulia, ndivyo alivyofundishwa. Ubao mbichi huguna. Unaolia uchukue, unaoguna uache ukauke.

Kwa miaka thelathini na moja sikio lake halikumdanganya. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, ukuta wa matofali hadi kiunoni, juu wavu, na paa la mabati. Kila chombo kilikuwa na msumari wake ukutani, na nyuma ya kila chombo alichora umbo lake kwa penseli. Patasi isiporudi mahali pake, umbo tupu lilikukodolea macho mpaka uirudishe. Watu walisema mlango wa Gonga haulalamiki, maana yake haulii ukifunguliwa na haukwami mvua zikija. Sifa hiyo ndiyo iliyomlea pamoja na watoto wake, ambao sasa walikuwa wameshaondoka nyumbani, kila mmoja na maisha yake.

Miaka miwili iliyopita mbao zikaanza kuguna zote.

Alikwenda kwenye ghala la mbao la Rula, mwanamume mrefu aliyenyooka mgongo hata alipokaa, rafiki yake tangu ujana. Akagonga ubao wa kwanza, ukaguna. Wa pili ukaguna. Akagonga kumi na nne, akarudi nyumbani mikono mitupu. Juma lililofuata ikawa vile vile. Akaanza kusema kwamba siku hizi wapasuaji wana haraka, mti unakatwa leo na kesho unaitwa ubao, watu hawana tena uvumilivu. Rula alivumilia maneno hayo mwaka mzima, kisha akachoka. Alimwambia mbao zile zimekaa ghalani miezi minane, kama anataka zilie zaidi ya hapo basi azipeleke msibani. Watu waliokuwepo walicheka. Gonga aliona midomo yao, akacheka pia.

Kilichomuuma ni kwamba alijua. Siku moja alikuwa amesimama karakanani akipiga randa, akaona maji yakichuruzika mlangoni, akashangaa nani amemwaga ndoo. Alipotoka nje alikuta mvua kubwa. Ilikuwa inapiga mabati juu ya kichwa chake na hakuwa ameisikia. Alirudi ndani, akaendelea na randa, na hakumwambia mtu. Fundi anayeitwa Gonga asiyesikia anachogonga ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Nani atampa kazi?

Basi akatafuta njia ya kujificha, akaipata mdomoni. Yeye aliyekuwa mtu wa maneno machache akawa anaongea kama redio ya kinyozi. Mteja akifika tu, Gonga anaanza: hali ya hewa, gundi ya siku hizi, misumari inayopinda kabla hujaipiga. Anayeongea haulizwi, na asiyeulizwa hana haja ya kusikia. Mteja akipata nafasi ya kusema neno, Gonga alimtazama midomo na kujibu, "Sawa. Sawa kabisa." Mara nyingi sawa ilitosha. Simu yake aliiacha juu ya benchi, na kwa kuwa hakuisikia ikilia, alikuja kuitazama mchana na kukuta watu wamempigia asubuhi. Aliwaambia mtandao.

Mbao hakuweza kuzidanganya kwa sawa. Kwa kuwa zote ziliguna, alianza kuchukua zile alizodhani zinaguna kidogo, yaani alikuwa anabahatisha. Kabati moja la vitabu alilomtengenezea mwalimu lilifunguka viungo baada ya miezi mitatu, rafu zikapinda kama ulimi. Mwalimu alilirudisha bila ugomvi. Gonga akamtengenezea jingine, akasingizia hali ya hewa, na usiku ule hakula vizuri.

Ndipo akaja mkunga mkuu wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, kama walivyo watu wanaofanya kazi karibu na watoto waliolala. Vitanda vya chuma vya watoto wachanga vilikuwa vimeshika kutu. Alitaka vinane vya mbao, na alitaka vya Gonga, kwa sababu mlango wa wodi ni kazi yake na una miaka kumi na tisa. Alimpa karatasi yenye urefu, upana na kimo. Jirani alikuwa anasaga chuma siku ile. Mkunga alisema mambo mengine hapo benchini, na la mwisho alilisema huku ameinua vidole vyake karibu karibu, akimtazama machoni. Gonga hakulisikia hata kidogo.

"Sawa, Sista," alisema. "Sawa kabisa."

Alijiambia kwamba huenda alikuwa anaaga.

Juma hilo hilo mama mkwe wake akaletwa. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi ya nyumba yake akavunjika mguu, akalazwa siku tisa, sasa alikuwa na plasta kutoka kwenye vidole hadi gotini. Mkewe Gonga, mpishi wa shule anayetoka alfajiri na kurudi alasiri, alimpa mama yake chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama karakana. Kwa hiyo mchana kutwa nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, fundi na mama mkwe wake, mmoja upande huu wa dirisha na mmoja upande ule.

Alikuwa bibi wa miaka sabini na sita, mwembamba, mwenye adabu ya zamani na ucheshi wa chinichini. Wanawe walikuwa wamemnunulia simu janja, na zile siku tisa za kulala chali, akiwa hana la kufanya, aliibonyeza yote. Hakuruka kitu. Aliingia kwenye mipangilio kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga: akafungua kila mlango, akawasha kila taa, akaandika kwenye daftari dogo alichokikuta. Alijua jinsi ya kukuza maandishi mpaka neno moja lijae kioo. Alijua kwamba kamera inaweza kusoma herufi za chupa ya dawa ambazo jicho lake halizioni. Alijua kwamba ndani yake mna pima maji, na siku ya kwanza tu aliiweka simu juu ya meza ya kitanda iliyotengenezwa na mkwe wake, akamwambia kwa heshima zote kwamba meza imelala sawa, nyuzi sifuri, hongera.

Alipoona Gonga anaitumia simu yake kupokea na kupiga tu, alisikitika kidogo.

"Mwanangu, umepewa nyumba ya vyumba kumi na viwili," alimwambia, "nawe unalala kibarazani."

Gonga alicheka kwa sababu alimwona anacheka. Maneno yenyewe alikuja kuyajua baadaye.

Mama mkwe hakuwa mjinga. Siku mbili za kwanza alidhani mkwewe ana majivuno, maana mtu humsalimia kutoka dirishani asiitike. Siku ya tatu aliangusha kijiko cha chuma sakafuni kwa makusudi. Fundi, aliyekuwa amempa mgongo akiunganisha kiti, hakugeuka. Siku ya nne alichukua simu akampigia. Aliisikia simu ikilia juu ya benchi, hatua moja kutoka kwenye kiwiko chake, mpaka ikakata. Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Kwenye kioo cha simu ile, alipokuja kuitazama baadaye, Gonga alikuta mama mkwe mara tatu, na kati ya mama mkwe na mama mkwe, mkunga mara tatu vile vile.

Jioni ile bibi alimwomba mkwewe simu yake amwangalizie kitu. Alikaa nayo dakika kumi akairudisha bila maelezo.

Asubuhi iliyofuata Gonga alikuwa na randa mkononi, maranda yakimwagika miguuni, mara ukuta mbele yake ukamulika. Ukazima, ukamulika tena, mweupe kama cheche za umeme. Alitupa randa, akakimbilia swichi kuu iliyo nyuma ya mlango wa jikoni, akazima umeme wa nyumba nzima. Akarudi na bisibisi, akaanza kufuata waya juu ya ukuta inchi kwa inchi, akinusa. Ukuta ukamulika tena. Umeme hakuna na ukuta unamulika.

Kona ya jicho lake ikaona kitu kinatikisika. Alikuwa mama mkwe dirishani, amenyoosha gongo nje kupitia nondo, analipunga kama bendera, na mkono wa pili ameshika simu sikioni. Gonga alitazama benchini. Simu yake ilikuwa imelala kifudifudi, na ile taa yake ndogo ya nyuma, ambayo yeye hudhani ni ya kutafutia viatu chini ya kitanda, ilikuwa inawaka na kuzima. Aliigeuza. Kioo kilisema: Mama Mkwe.

Alisogea dirishani, jasho likimtoka.

"Mama, umenipigia kutoka hapo ulipo?"

"Nimekupigia kutoka hapa nilipo siku nne sasa," alisema bibi, polepole, akimpa uso wote ili auone mdomo. "Leo ndiyo umepokea. Kawashe umeme, baba, feni yangu imesimama."

Alimweleza kwamba hospitalini walikatazwa simu zenye kelele, akatafuta mpaka akakuta mahali ambapo simu ikipigiwa au ikipata ujumbe inawasha taa. Ipo kwenye simu nyingi, wala haihitaji kuongezewa kitu. Gonga akasema ni jambo zuri kwa watu wenye shida, yeye hana shida, ni randa tu ina kelele. Randa aliyokuwa nayo ilikuwa ya mkono. Bibi aliitazama randa, akamtazama mkwewe, akasema wahenga walisema mficha... Akaishia hapo, kwa sababu maneno yanayofuata si ya mama mkwe kumwambia mkwe wake. Wote wawili walitazama pembeni. Kisha Gonga akaanza kucheka, na safari hii alikuwa anajua anachekea nini.

"Tangu lini?" bibi aliuliza.

"Tangu mvua za mwaka juzi."

"Binti yangu anajua?"

Alitikisa kichwa. Bibi naye hakuwa amemwambia. Alisema hawezi kumtangazia mtu jambo ambalo mwenyewe hajalisema. Gonga alikaa juu ya rundo la vipande, akamweleza lililobaki, na ilikuwa mara ya kwanza kulisikia likitoka kinywani mwake: kwamba mbao zote zinaguna, kwamba Rula huenda hana kosa, kwamba kabati la mwalimu lilifunguka, na kwamba sasa ana vitanda vinane vya watoto wasio na juma moja duniani, na hawezi kujua ubao mkavu ni upi. Kitanda cha mbao mbichi kikikauka, viungo vinalegea. Ufito unachomoka.

Bibi alimwambia agonge basi, yeye asikilize. Gonga akaleta mbao mbili. Bibi akasikiliza kwa makini, akasema hii inasema ngo, na hii inasema ngo. Masikio alikuwa nayo ila kazi hakuwa nayo. Wakatazamana, mmoja ana elimu bila sikio na mwingine ana sikio bila elimu, na ubao katikati.

Ndipo bibi akakumbuka kinasa sauti. Kilikuwa kwenye daftari lake, chumba cha saba. Alikitumia kuwatumia wajukuu salamu, na alikuwa ameona kwamba mtu akisema, simu inachora milima kwenye kioo: neno kubwa mlima mrefu, neno dogo kichuguu. Alipokuwa hospitalini aliwahi kujirekodi akilala ili ajue kama anakoroma kama walivyodai wagonjwa wenzake, akakuta safu ndefu ya milima, akaifuta.

Gonga hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alifanya mambo kifundi. Alichukua kipande cha ubao kilichokaa chini ya benchi miaka ishirini, kikavu kama mfupa, na kingine cha mti ule ule alichopewa na mpasuaji siku iliyotangulia, kikiwa bado na maji. Akavikata urefu mmoja na unene mmoja. Kila kimoja akakilaza juu ya matambara mawili. Mkono unaweza kukosea nguvu, kwa hiyo alifunga nyundo ndogo ya mti kwenye uzi, akaitundika, ili ianguke kutoka kimo kile kile kila mara. Simu akaiweka shibiri moja kutoka kwenye ubao, akapiga mstari wa penseli pale ilipokaa.

Ubao mkavu ulichora mlima uliochongoka wenye mkia mrefu, ukipungua taratibu kama unasitasita kuondoka. Ubao mbichi ulichora mlima butu uliokatika pale pale.

Alirudia mara tisa. Mkia mrefu, mkia mfupi. Aliutazama tena na tena ule mkia mrefu. Alikuwa ameusikia maisha yake yote na hakuwahi kujua una sura. Bibi alijifanya anatafuta miwani.

Siku mbili nzima alijifunza kuisoma milima ile. Akapiga randa kila ubao baada ya kuupima ili kuhakikisha, kwa sababu maranda ya ubao mkavu huvunjika mkononi na ya ubao mbichi hujikunja kama utepe. Mikia na maranda vilikubaliana, isipokuwa ubao mmoja wenye jicho la tawi, nao akauandika ukutani: wenye jicho usipime jichoni. Siku ya tatu akatia simu, uzi na nyundo mfukoni, akaenda kwa Rula.

Rula alimwona kwa mbali akawaambia wapakiaji wake leo hakuna kazi, Gonga amekuja kuzisengenya mbao. Alipoona simu aliuliza kama fundi ameleta mpiga picha, maana mbao zake hazijachana nywele. Gonga hakujibu. Na hilo lenyewe lilimshangaza Rula, kwani ilikuwa miaka miwili Gonga hajafika pale bila hotuba. Alitundika nyundo yake kwenye boriti, akalaza ubao juu ya matambara, akaiachia. Akatazama. Ubao wa kwanza, mkia mrefu. Wa pili, mrefu. Alizipima zile zile alizozikataa juma lililopita, alizijua kwa alama ya chaki aliyoweka mwenyewe. Kati ya kumi na nne, kumi na mbili zilikuwa kavu.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema Rula, kwa mzaha tu, kwa wapakiaji. Lakini alilisema akiwa amemwelekea Gonga, na Gonga alilisoma lote midomoni mwake.

Aliinua kichwa.

"Ni kweli," alisema. "Mbao zako zilikuwa kavu. Mimi ndiye sisikii, Rula. Mwaka wa pili huu. Nimekutukania mali yako bure, na mbele za watu."

Wapakiaji waliacha walichokuwa wanafanya. Rula alichukua nyundo ile ndogo, akaigeuza geuza mkononi, akauliza inafanyaje kazi. Walimaliza asubuhi nzima wakipima ghala, wazee wawili wamepiga magoti juu ya vumbi la mbao, na Rula akazikuta mbao zake tatu alizodhani ni kavu, kumbe mbichi. Alisema hizo Gonga asimwambie mtu.

Fremu za vitanda viwili zilisimama juma lile. Gonga akaanza kutoboa matundu ya fito za pembeni. Mama mkwe, ambaye sasa alikuwa ameruhusiwa kutembea na magongo mpaka karakanani, aliketi kwenye kiti akitazama. Alipitisha mkono wake mwembamba kati ya fito na fito. Ukapita mpaka kwenye kiwiko, bila kugusa popote.

"Nafasi hii ni kiasi gani, baba?"

Sentimita tisa, alisema Gonga, kama za mikono ya ngazi, ndivyo anavyofanya siku zote. Bibi aliuliza kama mkunga ndiye aliyesema hivyo. Gonga akaiona ile siku: mkunga amesimama hapo hapo benchini, vidole vyake viwili vimeinuliwa karibu karibu, macho yake yakisubiri jibu. Sawa kabisa, alikuwa amemjibu. Alikumbuka pia jina la mkunga kwenye simu, mara tatu, ambalo hakulipigia kwa sababu kumpigia mtu kulikuwa ni kujitia kitanzi: angesikiaje anachojibiwa?

Sasa alikuwa na njia tatu, na alizijua zote. Angeweza kukisia, kama alivyokisia mbao za mwalimu. Angeweza kumwomba mama mkwe apige simu, ajifanye amesafiri. Au aseme. Kumwambia Rula lilikuwa jambo moja, Rula ni rafiki. Huyu alikuwa mteja, na mteja aliyekuja kwa sababu ya jina.

Alipiga, akabonyeza kipaza sauti, akaweka simu juu ya benchi. Kioo kilipoonyesha kimepokelewa, mdomo wake ukaenda wenyewe: habari za kazi, Sista, jua la siku hizi, mbao zimepatikana nzuri sana, Rula amenyooka kidogo... Akahisi kishindo kwenye nyayo. Mama mkwe alikuwa amepiga gongo lake kwenye sakafu ya saruji. Alinyamaza.

"Sista," alianza upya, "siku ile uliyokuja, mwishoni ulisema jambo, ukaonyesha kwa vidole. Nilikujibu sawa. Sikusikia. Masikio yangu yameharibika, na sikutaka ujue."

Simu ilisema kitu. Alimtazama bibi, na bibi akakataa kumtafsiria. Alimwonyesha simu kwa kidevu.

"Sijasikia tena," alisema Gonga. "Naomba uniandikie."

Ilipita muda. Alichukua msasa akausugulia kwenye kipande kisichohitaji kusuguliwa. Kisha taa ikamulika ukutani. Alikuza maandishi kama alivyofundishwa, mpaka herufi zikawa kubwa kama za tangazo la barabarani.

Mkunga alikuwa ameandika: Kati ya fito na fito isizidi sentimita sita. Kichwa cha mtoto kisipite. Nilipiga mara tatu kukumbusha, hukupokea. Kesho nilikuwa nampa kazi fundi mwingine.

Ikamulika tena: Asante kwa kusema. Endelea wewe.

Na mara ya tatu: Alhamisi kuna mpima masikio hapa kwetu. Njoo, na usije kunipa habari za jua.

Gonga alizifungua zile pande mbili zenye nafasi ya sentimita tisa, akazitundika nje ziwe za kuanikia nguo. Akachonga kibao cha sentimita sita kamili, akakichorea umbo lake ukutani na kukipigia msumari wake, na hakuna ufito uliotiwa gundi kabla kibao hicho hakijapita katikati kwa shida.

Jioni ile alimwambia mkewe. Walikuwa wawili jikoni, mkewe anaosha masufuria, na Gonga alimwomba ageuke kwanza. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikitona maji. Alisema kwa jinsi mumewe alivyoongea miaka miwili hii, alidhani ameanza kumpenda upya. Kisha akawaza, uso ukabadilika.

"Kumbe mambo yote niliyokuomba nikiwa nimekupa mgongo, ukasema sawa..."

"Sikusikia hata moja," alisema Gonga.

"Basi tunaanza upya. La kwanza ni ule mlango wa stoo."

Alhamisi walikwenda pamoja. Mpimaji alisema masikio yale yameliwa na misumeno miaka mingi na hayatarudi yalivyokuwa. Kuna kifaa cha kuvaa, akaandikishwa kwenye orodha. Gonga alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye gundi, kwa sababu ilikuwa imeanza kukauka.

Plasta ya mama mkwe ilitolewa siku moja kabla ya vitanda kwisha. Aliaga asubuhi, akiwa na daftari lake kwenye mkoba, akasema vyumba vitano amewaachia wavitafute wenyewe.

Vitanda vinane vilipelekwa kwa mkokoteni wa Rula, ambaye alisukuma mwenyewe na hakutaka kusaidiwa. Mkunga alipitisha ngumi yake kati ya fito, ikakwama. Alijaribu kila kitanda. Baada ya siku mbili alimwita Gonga akaze miguu ya kimoja kilichokuwa kinacheza kwenye sakafu isiyo sawa. Alipofika, vitanda vitano vilikuwa na watu wake, wadogo kama mikate, wamefungwa mpaka shingoni. Alipiga goti, akaweka simu juu ya ukingo, akarekebisha mguu mpaka pima maji ikasema sifuri. Kisha kwa mazoea tu, kabla hajawaza, aliugonga ukingo kwa kifundo cha kidole cha kati: kichwani, katikati. Alihisi ubao ukitetemeka kwenye mfupa wa kidole.

Mkunga alikuwa amesimama mbele yake, anasema kitu.

"Sikusikia, Sista," alisema Gonga, kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ni kubwa.

Mkunga aliweka kidole mdomoni. Akawaelekeza wale watano kwa kidevu, akatamka bila sauti, mdomo tu, na hayo Gonga aliyapata yote: "Nimesema, wamelala."

Akaurudisha mkono kabla haujagonga mara ya tatu. Mfukoni mwa shati lake taa ikaanza kuwaka na kuzima, ikipenya kwenye kitambaa. Aliifunika kwa kiganja ili isiwamulike watoto, akatembea kwa ncha za vidole kati ya vitanda mpaka nje, akaitazama. Mama mkwe.

"Hallo, Mama," alisema uani, akiwa amebandika simu sikioni. Akasubiri. Hakuongeza neno, mpaka mvumo hafifu sikioni ulipokoma.

"Rudia polepole, Mama," alisema. "Nataka kusikia."